Ala za Mapigo: Ngoma, Majina Yake na Fasili za Kamusi

1.0 Utangulizi



Naomba kuanza na swali ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kutuuliza: je, kayamba hupigwa? Tukijibu kuwa hupigwa tutakuwa tumesema Kiswahili sahihi, kwa kuwa sote husema "kupiga kayamba". Lakini mtazameni mpigaji mwenyewe. Hana kijiti, wala kiganja chake hakishuki juu ya kitu chochote. Amelishika kayamba lake kwa mikono miwili, analitikisa, na mbegu zilizomo ndani zinakimbia huku na huko. Mpiga zumari naye twasema anapiga, ilhali anapuliza. Mpiga kinanda anapiga, na mpiga zeze anapiga, ingawa kila mmoja anafanya kwa vidole vyake jambo tofauti kabisa na la mwenzake.

Swali hili laonekana dogo, lakini limebeba tatizo ambalo watunzi wa istilahi na wa kamusi wamekuwa wakilipita pembeni. Mwalimu wa muziki anapotaka kulitaja kwa jina moja kundi la ala ambamo mna ngoma, matoazi, njuga, manyanga na marimba, aseme nini? Wako wasemao "ala za kupigwa", na wako wasemao "ala za midundo". Jina la kwanza ni pana mno, maana katika Kiswahili karibu kila ala hupigwa. La pili ni jembamba mno, maana njuga hazidundi.

Nitakayoyasema leo yanakusanyika katika hoja moja. Kiswahili kina maarifa yake cha chenyewe kuhusu ala hizi, na maarifa hayo yamehifadhiwa katika majina ya ala na katika vitenzi viandamanavyo na majina hayo. Fasili za kamusi zetu, ambazo aghalabu hutosheka kusema "aina ya ngoma", haziyahifadhi. Ala yenyewe ikisahauliwa, fasili ya namna hiyo hubaki kama kaburi lisilo na jina la marehemu.

2.0 Jinsi Mataifa Mengine Yalivyozigawa Ala

Kabla ya kuitazama lugha yetu, ni vizuri tuone kwamba hakuna mgawanyo wa ala ulioteremka kutoka mbinguni. Kila taifa lilichagua kigezo chake.

Wachina wa kale walizigawa ala kwa mata iliyotengenezewa. Walihesabu sauti nane: ya chuma, ya jiwe, ya hariri, ya mwanzi, ya kibuyu, ya udongo, ya ngozi na ya mti. Katika mpango huo, kengele na sahani ya jiwe igongwayo ziko mbali, japo zote mbili hulia kwa kugongwa.

Wahindi walifuata njia nyingine. Katika kitabu cha kale kiitwacho Natyashastra, ala zimewekwa katika mafungu manne: zenye nyuzi zilizovutwa, zenye uwazi wa kupitisha pumzi, zilizofunikwa kwa ngozi, na zile zilizo ngumu zenyewe, kama matoazi. Mgawanyo unaofanana na huo, wa mafungu manne, ndio alioutumia Victor-Charles Mahillon alipochapisha mwaka 1880 orodha ya ala za makumbusho ya Brussels. Mwaka 1914, Erich von Hornbostel na Curt Sachs waliuendeleza na kutoa mpango ambao hadi leo hutumiwa na makumbusho na vyuo ulimwenguni. Kigezo chao ni kimoja: ni kitu gani hasa kinachotetema? Kama ni uzi, ala iko fungu moja. Kama ni hewa, fungu jingine. Kama ni ngozi iliyowambwa, fungu la tatu. Na kama ni mwili wa ala yenyewe, fungu la nne.

Naomba tuliangalie jambo moja katika mpango huo. Ndani yake hamna fungu la ala za mapigo. Ngoma iko upande mmoja na marimba upande mwingine. Piano, ambayo nyuzi zake hugongwa kwa nyundo ndogo, imewekwa pamoja na gitaa. Kwa hiyo kundi tunalolitafutia jina ni kundi la watendaji: lazaliwa na mkono wa mpigaji, si na mata ya ala. Hilo si kosa. Huko Java, jina la kundi zima la ala, gamelan, hunasibishwa na neno la Kijava lenye maana ya kugonga. Waliolitunga walianza na tendo.

3.0 Kitenzi Piga na Nomino Mapigo

Tuje sasa kwenye Kiswahili. Kitenzi piga ni miongoni mwa vitenzi vyenye matumizi mapana kuliko vyote katika lugha hii. Twapiga hodi, twapiga pasi, twapiga mswaki, twapiga kura, twapiga magoti, twapiga chafya na twapiga hatua. Katika semi hizi, maana ya kushusha kipigo imekwisha kufifia, na kitenzi kimebaki kuwa kibebaji cha nomino iliyo mbele yake. Ndiyo sababu zumari hupigwa bila ya mtu kulipiga.

Lakini isimu hutufundisha kuwa nomino itokanayo na kitenzi si lazima irithi mapana yote ya mzazi wake. Hebu tuitazame nomino mapigo. Twasema mapigo ya moyo, mapigo ya wimbo, mapigo ya ngoma. Hapana asemaye "mapigo ya pasi" wala "mapigo ya hodi". Nomino imejikusanya katika maana mahsusi: kipimo kinachorudi kwa kufuatana, ambacho sikio hukihesabu. Kitenzi kimetanuka, nomino imebana.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme ala za mapigo. Jina hili lalikumbatia kayamba, maana kazi yake ni kutoa mapigo hata kama halipigwi. Na halilazimiki kuliingiza zeze, ambalo kazi yake ya kwanza ni kutoa sauti za wimbo. Chini ya jina hilo, lugha imekwisha kutupatia migawanyo midogo. Fundi wa ngoma huwamba ngozi. Basi zile za ngozi ni ala za kuwambwa, na maana hiyo ni ileile waliyoikusudia Wahindi waliposema "zilizofunikwa". Nyingine tuzigawe kwa vitenzi vyake: za kugongwa, kama upatu na kengele, za kugonganishwa, kama matoazi, za kutikiswa, kama manyanga na kayamba, na za kuvaliwa mwilini, kama njuga na msewe, ambazo hulizwa na miguu ya mchezaji mwenyewe. Hatukuhitaji kukopa neno hata moja.

4.0 Yaliyomo Ndani ya Majina

4.1 Ngoma

Neno ngoma lina asili ya Kibantu na limeenea sana katika lugha za jamii hiyo. Uzito wake katika kila lugha hutuonyesha nafasi ya chombo katika jamii. Katika Kinyarwanda na Kirundi, ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Mfalme alitawala kwa kuwa na ngoma, kama Karinga ilivyokuwa kwa Rwanda na Karyenda kwa Burundi. Falme hizo ziliondolewa, ya Rwanda mwaka 1961 na ya Burundi mwaka 1966, lakini neno limebaki na kumbukumbu yake. Katika Kizulu, ingoma ni wimbo.

Katika Kiswahili neno hili ni la chombo, la mchezo unaochezwa na la mkusanyiko wenyewe. Mtu akisema "kuna ngoma leo", hakuna atakayedhani kuwa amesahau gogo lililowambwa ngozi uwanjani. Ndiyo maana neno limekuwa jepesi kusafiri. Vijana wa leo huuita wimbo uliorekodiwa studio "ngoma mpya", hata kama mapigo yake yametolewa na kompyuta. Mchezo wa mpira ukimalizika bila ya mshindi, husemwa ngoma droo. Na katika miaka ya janga la UKIMWI, neno hilohilo lilifanywa mafumbo ya ugonjwa mitaani. Chombo chaweza kunyamaza huku jina lake likiendelea kufanya kazi nyingine.

4.2 Majina yaliyozaliwa na kitenzi

Yako majina ya ngoma ambayo yamejieleza yenyewe kwa yeyote ajuaye kunyambua. Vumi ni ngoma yenye sauti nzito, na ndani ya jina lake mna kitenzi vuma. Chapuo ni ngoma ndogo, na umbo lake lakaribiana na chapua, kitenzi tukisikiacho tunapoambiwa tuchapue miguu, yaani tuende mbio. Kwa majina hayo mawili lugha imeeleza mgawanyo wa kazi: kubwa inavuma chini kama ardhi, ndogo inachapua juu. Kamusi isemayo kuwa vumi ni aina ya ngoma, na chapuo ni aina ya ngoma, imezifanya ndugu hao wawili kuwa kitu kimoja, na imeitupa taarifa iliyokuwa ndani ya mofimu zenyewe.

Majina mengine hutambulisha umbo mahsusi. Msondo ni ngoma ndefu iliyo nyembamba. Kumbwaya ni ngoma yenye miguu, isimamayo chini. Jina msondo limekuwa na safari ya kuvutia: kutoka kwenye chombo lilihamia kwenye mchezo, na kutoka kwenye mchezo likahamia kwenye bendi ya muziki wa dansi ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ambayo baadaye ilijulikana kuwa Msondo Ngoma. Wengi walioicheza miziki ya bendi hiyo hawajapata kuuona msondo.

4.3 Majina yaliyokuja kwa bahari

Tari, dufu na rika ni majina yaliyotoka katika Kiarabu. Yote matatu ni ya ala za ngozi zenye fremu nyembamba ya mviringo, lakini kila moja lina mahali pake. Dufu twalikuta hasa katika maulidi, na rika katika taarabu. Kuyafasili yote kuwa "aina ya ngoma" ni kuufuta mpaka kati ya ibada na burudani, mpaka ambao wapigaji wenyewe huuheshimu.

Dumbaki, ngoma yenye kiuno ipigwayo kwa vidole, ilifika Zanzibar pamoja na muziki wa taarabu wenye asili ya Misri, uliopata nguvu katika enzi ya Sultani Barghash (1870–1888). Waswahili hawakuipokea na kuiacha ilivyo. Waliipa kiambishi ki- cha udogo, na kutoka hapo likatokea jina kidumbaki: kwanza ngoma ndogo mbili, kisha muziki wenyewe wa harusini, ambamo ngoma hizo hufuatana na fidla, sanduku la uzi mmoja, cherewa za vifuu vya nazi na vijiti viitwavyo mkwasa. Katika kiambishi kimoja tu tunaisoma historia ya muziki wa ukumbini ulioshuka kwenda uwanjani.

4.4 Jina lililovuka bahari

Yapo pia yaliyosafiri kutoka kwetu. Marimba ni neno la Kibantu, na mzizi wake waonekana katika ilimba ya Wagogo, kalimba na malimba, kila lugha ikiuvika kiambishi chake cha ngeli. Lilivuka Atlantiki pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, na leo marimba ni ala ya taifa ya Guatemala. Lakini hapa kwetu jina hili hubeba ala mbili tofauti: ile ya vibao vigongwavyo kwa vijiti, na ile ya vyuma vyembamba vibonyezwavyo kwa vidole gumba. Mtunga kamusi asipotaja kitenzi, msomaji hawezi kujua ni ipi inayokusudiwa.

4.5 Vugo na upatu

Mfano ulionifanya nichague mada hii ni vugo. Vugo ni pembe. Mwanafunzi akisikia kuwa ni pembe itumiwayo katika muziki, mara moja atafikiri kuwa hupulizwa, kwa kuwa baragumu hupulizwa na siwa ya Pate, ingawa ni ya pembe ya ndovu, nayo hupulizwa. Vugo halipulizwi. Hugongwa kwa kijiti, na wanaoligonga ni wanawake, katika ngoma ya harusi ya mwambao iitwayo kwa jina hilohilo. Mata ni ya ala ya pumzi, tendo ni la ala ya mapigo. Hapa mpango wa kuainisha kwa mata ungetupotosha, na fasili isiyo na kitenzi ingeipotosha jamii nzima ya wasomaji.

Upatu nao ni sahani ya madini igongwayo, iliyotumika katika ngoma nyingi, zikiwamo za pepo. Muulizeni kijana wa leo upatu ni nini: atawaelezeni mchezo wa kuchangiana fedha na kupokezana. Umbo la neno li hai, na sahani imesahauliwa.

5.0 Ngoma Isemayo na Ngoma Iitwayo

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike na majina, ilhali ngoma yenyewe husema? Jibu limo katika tofauti moja ya kiisimu.

Katika bonde la Mto Kongo, karibu na Kisangani, Walokele walikuwa wakipelekeana habari kwa gogo lililochongwa uwazi, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. John Carrington, aliyeishi miongoni mwao na kuchapisha kitabu chake mwaka 1949, alieleza siri yake. Lugha ya Kilokele ni ya toni. Gogo huiga toni za maneno. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazolingana, mpigaji hatoi neno moja peke yake. Neno la mwezi na neno la kuku yana toni sawa. Basi mpigaji humtaja mwezi pamoja na sifa yake ya kuitazama dunia kutoka juu, na kuku pamoja na sauti yake ndogo. Urefu wa tungo huondoa utata. Gogo hilo, kwa kuwa halina ngozi, si ngoma kwa maana yetu ya mwambao. Ni ala ya kugongwa. Lakini lilikuwa likisema lugha.

Kiswahili sanifu hakina toni. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hautofautishi mwezi na kuku. Ngoma ya Mswahili, basi, haiwezi kunakili maneno yake kama lifanyavyo gogo la Walokele. Ngoma ya daku huamsha watu usiku wa Ramadhani bila ya kutamka neno "amkeni". Wanaosikia wanajua kwa saa, kwa msimu na kwa mapigo. Maana haimo ndani ya sauti peke yake: imo katika makubaliano ya wasikilizaji, na makubaliano hayo hushikiliwa na majina. Ajuaye kuwa hili ni vugo anajua kuna harusi. Ajuaye kuwa hili ni dufu anajua kuna maulidi. Kwa Walokele, lugha iliingia katika ala. Kwetu sisi, ala iliingia katika lugha. Kwa hiyo hasara ya jina kwetu ni nzito zaidi.

6.0 Kazi Iliyo Mbele ya Mtunga Kamusi

Tangu kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, kupitia za Madan (1903) na Johnson (1939), hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yake ya baadaye, majina ya ala yamekuwa yakihamishwa kutoka kitabu hadi kitabu. Waliotangulia walifanya kazi kubwa, nasi tunawashukuru. Lakini wale wa mwanzo waliwaandikia wageni waliotaka kujua neno limaanishe nini kwa haraka. Kamusi ya wahidi, yaani ya Kiswahili kwa Kiswahili, ina wajibu mwingine: kumweleza mwenye lugha kitu ambacho labda hatakiona tena.

Napendekeza kila kidahizo cha ala ya mapigo kijibu maswali matano: mwili wake ni wa nini, sauti hutolewa kwa tendo gani, nafasi yake ni ipi katika kundi la ala, nani huipiga, na katika tukio gani, mahali gani. Swali la nne lisidharauliwe. Ugogo, kwa mfano, wapigao ngoma za muheme ni wanawake, wakiwa wamezibana kati ya miguu. Asiyeandika hivyo atamfanya msomaji adhani kuwa ngoma popote ni kazi ya wanaume.

Kwa utaratibu huo vidahizo viwili vingekuwa hivi:

vugo: pembe igongwayo kwa kijiti, isiyopulizwa, hupigwa na wanawake wa mwambao katika ngoma ya harusi yenye jina hilohilo.

kayamba: ala bapa ya matete yaliyofungwa pamoja, yenye mbegu ndani, hutikiswa kwa mikono miwili ili kushikilia mapigo, kwa Wamijikenda, pia ngoma ya uganga ambamo ala hiyo hutumika.

Kila kimoja hakizidi mistari mitatu. Gharama ya karatasi si kisingizio. Gharama ya kweli ni miguu: kwenda kwa fundi, kukaa naye siku anapowamba, na kuandika vitenzi anavyotumia yeye, si tunavyovikisia sisi mezani. Wahenga walisema, ngozi ivute ili maji. Ngozi ya ngoma huwambwa ikingali mbichi. Ikishakauka haivutiki tena. Maarifa ya mafundi na wapigaji wazee ni ngozi hiyo, na sasa ingali na unyevu.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kundi la ala tulizozungumzia lastahili kuitwa ala za mapigo. Kwamba vitenzi vya Kiswahili vyatosha kuligawa. Na kwamba majina kama vumi, chapuo, vugo na kidumbaki yamebeba maelezo ambayo fasili ya "aina ya ngoma" huyamwaga chini. Sidai kuwa kamusi itaifufua ala iliyokufa. Dai langu ni dogo zaidi: siku kijana atakapolikuta vugo katika sanduku la bibi yake, akafungua kamusi, asije akaipeleka pembe ile mdomoni na kuanza kupuliza.

Wanafunzi mlioko hapa mna mada za tasnifu zisizopungua kumi katika haya niliyoyapitia kwa haraka. Chagueni ala moja tu, mwende nayo hadi mwisho.